Uongo Njoo

Miaka michache iliyopita nilihubiri hapa Kalangalala dhidi ya simulizi. Nilikuwa nimegundua kwamba vijana wa kwaya wanakesha na simu zao wakisoma hadithi za majini wanaooa wanadamu, za matajiri waliokwenda kuzimu wakarudi na magunia ya fedha, za wasichana maskini wanaopendwa na wana wa wafalme wa chini ya bahari. Niliuliza mimbarani: nuru ina ushirika gani na giza? Waumini wakaitikia amina. Baada ya ibada wazazi walinishika mkono mlangoni wakaniambia, "Mchungaji, leo umetusaidia."

Wiki mbili baadaye tulikuwa na semina ya jioni, tukamkaribisha mgeni atoe ushuhuda. Alisema aliwahi kuwa mkuu wa wachawi. Alisimulia safari za usiku kwa ungo, mji ulio chini ya ziwa wenye barabara za lami na maduka, na karamu ambako nyama inayoliwa si ya mbuzi. Alisema katika kila mtaa yupo bibi mmoja aliye mlinzi wa lango, akataja na dalili zake: anaishi peke yake, macho yake ni mekundu, hapendi kutazamwa usoni. Mimi nilikaa kiti cha mbele. Nilipiga makofi.

Katika jumuiya yetu alikuwapo bibi aliyeishi peke yake. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mabibi wengi wa Usukumani waliopikia samadi ya ng'ombe na mabua ya pamba miaka yote katika nyumba isiyo na dirisha. Nitamwita Mayu, kama tulivyomwita wote. Kabla mwezi haujaisha watoto waliacha kumwamkia. Kisha mawe yakaanza kuanguka usiku juu ya bati lake. Asubuhi moja alifunga kanga zake na sufuria mbili akaondoka kwenda kwa binti yake, mbali na mji. Hakuaga. Nilipata habari siku ya tatu.

Pengine kwingine jambo hilo lingekuwa aibu tu. Kwetu ni suala la uhai. Ndugu msomaji, wewe uliyekulia Shinyanga, Geita au Mwanza huhitaji kuelezwa: katika ukanda huu vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu. Mawe juu ya bati ni mwanzo wa safari ambayo mwisho wake tunaujua.

Siku nilizokuwa nikiulizia alikokwenda Mayu, nilisimama kwenye kibanda cha wakala wa fedha karibu na stendi. Mwenye kibanda ni binti wa kwaya yetu. Simu yake ilikuwa imewaka, na nikaona "Sehemu ya 17".

"Shikamoo Mchungaji," akasema, akiigeuza simu kifudifudi.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe hujaacha?"

"Sijaacha, Mchungaji. Ila mimi najua kwamba ni uongo. Mtunzi mwenyewe ameandika pale juu: hii ni hadithi ya kubuni." Akanyamaza kidogo, akahesabu fedha za mteja, kisha akamalizia bila kuniangalia: "Yule mgeni wetu hakuandika."

Sikuwa na jibu. Makala hii ni jibu nililochelewa kulitoa.

Kwanza nilimwomba anitumie hizo simulizi. Sikutaka tena kuhukumu nisichokisoma. Akanieleza utaratibu wake. Mtunzi hutoa sehemu za mwanzo bure. Zikishanoga, anakata. Anayetaka hadithi nzima analipa kwa simu, shilingi elfu moja au mbili, halafu anatumiwa. Wasomaji wana kikundi chao, na humo hulalamika kwamba mtunzi anawabania, kwamba wameshikwa na arosto, yaani ile hamu inayomtesa mtu aliyezoea kitu asipokipata. Wanagombana kuhusu nani anafaa kumwoa nani. Mmoja anamtetea jini, mwingine anamtetea kijana maskini wa bodaboda. Nesi wa zamu ya usiku, mama lishe, mlinzi wa karasha, mwanafunzi wa chuo, wote wamo. Ni jumuiya. Naungama kwamba nilipoziona shauku zao nilizionea wivu, kwa maana hakuna aliyewahi kushikwa na arosto ya mahubiri yangu.

Nilisoma saba kwa mwezi mmoja. Usiku mmoja nilijikuta saa nane bado niko macho, nikitaka kujua kama yule mwanamke wa baharini atavua kilemba chake. Basi nisijifanye mtakatifu.

Wala mapenzi hayo si mageni kwangu. Nilikuwa kidato cha pili miaka ya tisini nilipokula adhabu ya kufyeka majani kwa kukutwa na riwaya ndani ya daftari la jiografia. Tulisoma jarida la Sani, tukawacheka akina Lodilofa na Ndumilakuwili. Tulisoma vitabu vya Elvis Musiba vyenye jasusi Willy Gamba, na vya Ben Mtobwa vyenye Joram Kiango. Kitabu kimoja kilisomwa na bweni zima mpaka jalada likatoka, kisha kurasa za mwisho zikatoka. Aliyekifikia kikiwa hivyo alilazimika kujitungia mwisho wake, na usiku tuliishindanisha hiyo miisho gizani baada ya taa kuzimwa. Kabla ya hapo, tukiwa wadogo, tulikaa kimya mbele ya redio kusikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, na kabla ya redio alikuwapo bibi.

Bibi hakuanza hivihivi. Alisema, "Hadithi, hadithi!" Nasi tukaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Ndipo fisi alipoanza kusema na sungura akavaa suruali. Nimeitikia maneno hayo mara elfu bila kuyasikia. Siku niliyorudi kutoka pale kibandani ndipo niliposikia kile tulichokuwa tukisema. Tuliuita uongo kwa jina lake. Tuliufungulia mlango wenyewe, tukaukaribisha ukae nasi jikoni, na hadithi ilipokwisha ukaondoka kwa mlango uleule. Hakuna mtoto aliyekwenda kulala akidhani sungura wa kichakani ana suruali.

Basi swali langu la kwanza kwa hadithi yoyote ya maajabu si kama ina jini. Swali ni kama ina mlango.

Hadithi za maajabu zilizochapwa kwa Kiswahili zina umri mkubwa. Mwaka 1929 Frederick Johnson alitoa tafsiri ya riwaya ya Mwingereza H. Rider Haggard iliyotoka mwaka 1885, akaiita Mashimo ya Mfalme Sulemani. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki viliisoma. Sisi wa Geita tunaielewa kwa namna yetu: ni habari ya watu wanaotafuta hazina iliyofukiwa mwambani, na kila mchimbaji wa duara anaujua ugonjwa huo. Lakini tukikisoma leo kitabu kile tunakuta ndani yake kikongwe wa kutisha anayeitwa Gagool, ajuaye siri za pango, anayenusa wachawi ili wauawe, na ambaye mwishoni anasagwa chini ya mlango wa jiwe. Msomaji anashangilia. Nakitaja kwa sababu wapo wanaosema kwamba zamani hadithi zilikuwa safi na uchafu umeletwa na simu. Si kweli. Bibi wa kuogopwa, ambaye kifo chake ni furaha ya msomaji, tulimfundisha darasani.

Hata hivyo watunzi wetu wenyewe walifanya jambo bora. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Ukiliona jina unatazamia mashetani. Maiti inakutwa mahali pa mizimu, na kila mtu ana sababu ya kuogopa. Ndipo anapokuja Bwana Msa na kiko chake, anauliza maswali, anapima maneno ya watu, na mwisho mkono uliofanya uovu unaonekana kuwa mkono wa mwanadamu, wenye sababu za kibinadamu. Kitabu cha aina hiyo kinamchukua msomaji kutoka kwenye mzimu kinamfikisha kwa mtu. Wanafasihi wamekuwa wakiziweka riwaya za upelelezi kapu moja na fasihi nyepesi, na pengine ni nyepesi. Lakini natamani kila mtaa wa ukanda huu ungekuwa na Bwana Msa mmoja, wa kuuliza pale ng'ombe anapokufa: nani alimlisha, alikunywa maji gani, mifugo ya jirani ina hali gani? Wengi wetu tunaanza kwa mtu na kuishia kwenye mzimu.

Shaaban Robert naye alituachia hadithi za maajabu zenye mlango mpana. Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani. Mtunzi anakuambia mapema kwamba nchi hiyo huwezi kuipanda kwa miguu, na kwa sababu umeshakubali hilo, unaweza kusikia anachokisema juu ya watawala wasiotaka kuambiwa ukweli. Katika Adili na Nduguze, ya mwaka 1952, wamo majini waziwazi. Ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa na jini kuwapiga kila usiku, naye anawapiga akilia. Mfalme Rai anapopata habari hatulii mpaka msamaha upatikane. Shaaban Robert hakuwa Mkristo, lakini nimeona wanakwaya wakishangaa ninapowaambia kwamba hadithi hii yenye jini inakaribia zaidi somo la msamaha kuliko mahubiri kadhaa ninayokumbuka, yangu yakiwemo.

Sasa nije kwenye simulizi za leo, nizipime kwa haki.

Zile za mapenzi, ambazo nilizishambulia zaidi, ndizo zilizonifundisha zaidi. Kwa kawaida msichana ni maskini, ametelekezwa, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu. Anatokea mwenye nguvu, jini au mwana wa mfalme au tajiri asiyejulikana alikotoka, na jambo la kwanza analolifanya ni kumwita kwa jina. Anajua alichokula jana. Anaona kovu lililo mkononi anauliza limetoka wapi. Nilipomuuliza yule binti wa wakala kwa nini anampenda jini, alisema, "Kwa sababu anasikiliza, Mchungaji." Katika mji wa dhahabu, ambako mwanaume akipata gramu kadhaa hujulikana kwa kelele za wiki moja kisha hajulikani tena alipo, msichana anayetamani mtu wa kumsikiliza hajapotoka. Ana njaa ya kweli. Hajar, alipokuwa peke yake jangwani, alimwita Mungu kuwa ndiye anayeona, nayo imeandikwa katika Mwanzo 16. Simulizi za mapenzi zinauza kivuli cha jambo hilo kwa shilingi elfu moja. Kanisa ambalo halimsikilizi mfanyakazi wa ndani halina haki ya kumnyang'anya kivuli chake.

Udhaifu wake upo palepale. Huyu mpenzi wa ajabu hana kasoro na wala hahitaji kusamehewa. Hachoki, hafilisiki, haugui. Msichana anapendwa lakini hapendi, kwa maana hakuna kazi ya kumpenda asiye na shida. Kitabu kinapofungwa, kijana wa kawaida mwenye matope ya mwaloni miguuni anaonekana si kitu. Hilo ni kosa la utunzi kabla halijawa kosa la maadili. Mtunzi mzuri angemfanya jini augue walau siku moja.

Zile za utajiri ni jambo jingine, na hapa sitapunguza sauti. Mpango wake karibu siku zote ni mmoja. Kijana amechoka na umaskini. Anapelekwa kwa mganga. Anapewa sharti: atoe damu ya mtu wa karibu, mara nyingi mama, mtoto, au mtu asiye na wa kumtetea. Anatoa. Anatajirika, anajenga ghorofa, ananunua magari. Kisha anavunja sharti dogo, anaangalia nyuma, anakula siku isiyofaa au anamwambia mkewe siri, na jini linamrudia na kumwangamiza. Watetezi wake huniambia, "Mchungaji, mbona hadithi inafundisha? Mwovu ameadhibiwa." Naomba tusome kwa makini zaidi. Ameadhibiwa kwa kosa gani? Si kwa kuua. Kuua kulimletea ghorofa. Ameadhibiwa kwa kuvunja sharti. Msomaji anayefunga simulizi hiyo amefundishwa mambo mawili: kwamba dawa inafanya kazi, na kwamba mjinga ni yule asiyetunza masharti. Tena aliyetolewa kafara hana jina. Ana sentensi mbili, halafu hatajwi tena. Mtunzi anayeandika kurasa mia juu ya magari na mistari miwili juu ya mama aliyeuawa amekwisha kuchagua upande.

Nasema hivi kwa sababu hadithi hiyo haikubaki kwenye karatasi. Tangu karibu mwaka 2006 na 2007 ukanda wetu wa ziwa na migodi ulijulikana duniani kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Mwaka 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa kienyeji, na mwaka 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Makaburi yalilazimika kujengewa zege. Watoto waliondolewa kwa wazazi wao wakalelewa kwenye vituo vyenye uzio. Jiulize kitu kilichokuwa kikiuzwa ni nini. Mkono wa mtu hauna uwezo wa kuita dhahabu, na mwamba haumjui aliyeushika. Kilichouzwa kwanza kilikuwa hadithi. Kuna mtu alisimulia, mwingine akasadiki, wa tatu akanoa panga. Na hadithi ile haikuanza kwa "uongo njoo". Ilianza kwa "kuna jamaa mmoja, namfahamu kabisa".

Hapo ndipo nilipomwelewa yule binti. Kwa maana mgeni wetu naye alianza hivyohivyo.

Kwa miaka mingi sisi watumishi tumekuwa na fasihi yetu ya maajabu, na tumekataa kuiita fasihi. Tunaiita ushuhuda. Imeuzwa kwa kanda, kwa santuri za video, na sasa kwa simu. Ina miji ya chini ya maji, ina vyeo vya kuzimu, ina ndege za ungo, ina mashaka na mwendo wa kasi kama riwaya yoyote. Ukiisikiliza kwa sikio la mhakiki utatambua imetoka wapi: vipande vya ngano za bibi, vipande vya filamu za Kinigeria tulizotafsiriwa na DJ kwenye kibanda umiza, vipande vya magazeti ya hadithi. Sina ugomvi na vipande hivyo. Ugomvi wangu ni kwamba mlango umeng'olewa. Msimulizi haturuhusu kuitikia "uongo njoo". Anatulazimisha kuitikia "amina".

Mtu atanijibu kwa 2 Petro 1:16, pale mtume anaposema kwamba hawakufuata hadithi za kutungwa walipohubiri habari za Bwana. Mimi nami niliutumia mstari huo dhidi ya simulizi. Nilipourudia nikaona kwamba Petro halaani utunzi. Anaweka mpaka. Anasema: sisi tuliona kwa macho, kwa hiyo tunashuhudia. Asiyeona asishuhudie. Mstari ule haumgusi yule mtunzi aliyeandika juu kwamba kazi yake ni ya kubuni. Unamgusa mgeni wetu, na unanigusa mimi niliyempigia makofi.

Biblia yenyewe haiogopi hadithi ya kubuni. Katika Waamuzi 9, Yothamu anasimama juu ya mlima anasimulia miti iliyotafuta mfalme, mpaka miiba ikajibu. Hakuna Mwisraeli aliyeuliza kama miiba ina midomo. Katika 2 Samweli 12, Nathani anamsimulia Daudi habari ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja. Yeye aliuficha mlango kwa muda, ili mfalme aingie bila kujilinda. Lakini aliufungua mwenyewe kabla hajaondoka, na aliyehukumiwa na hadithi alikuwa mwenye nguvu, wala si kikongwe asiye na mtetezi. Joka la Ufunuo 12 lina vichwa saba, nasi tunalisoma madhabahuni bila kutetemeka.

Baba yetu Martin Luther, mwaka 1530, wenzake walipokuwa Augsburg wakisoma Ungamo mbele ya mfalme, yeye akiwa amekaa katika ngome ya Coburg, alitumia sehemu ya muda wake kuzitengeneza upya hekaya za Esopo kwa Kijerumani, za mbwamwitu na wana-kondoo wanaosema. Hakuona aibu. Na John Bunyan alitupatia mwaka 1678 safari ya Mkristo yenye jitu, simba na dude lenye mabawa, nasi tumekitunza kitabu chake kwenye kabati za sharika zetu bila kukiita cha kipagani. Kanisa limewahi kujua kusoma hadithi. Tumesahau.

Lakini huyohuyo Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 tuliyoikariri kabla ya kipaimara, anaifafanua amri ya nane kwa namna inayotubana. Haitoshi kutomshuhudia jirani uongo. Tunatakiwa kumtetea, kumsema vema, na kuyageuza mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Jirani huyo anaweza kuwa na macho mekundu. Basi niambie: nani aliyeivunja amri ya nane katika usharika wetu, yule binti aliyesoma juu ya jini asiyekuwapo, au mchungaji aliyekaa kiti cha mbele jirani yake wa kweli alipokuwa akisingiziwa?

Kwa hiyo nawaombeni, wazazi na viongozi wa vijana, tuache kupekua simu na tuanze kuuliza maswali. Mimi sasa nauliza matatu, kwa simulizi na kwa ushuhuda vilevile. La kwanza: hadithi hii ina mlango, yaani msimulizi ameniambia ni ya kubuni, au kama anasema ni kweli, yuko tayari kuulizwa lini, wapi na nani mwingine aliona? La pili: damu inayomwagika humu ni ya nani, na je, ana jina? La tatu: nikishaifunga, ni nani katika mtaa wangu nitakayemwogopa zaidi, na ni nani nitakayempenda zaidi? Hadithi inayoshinda maswali hayo, hata ikiwa na majini arobaini, mwacheni mtoto aisome. Inayoshindwa, hata ikisimuliwa madhabahuni na mtu mwenye machozi, azimiwe kipaza sauti.

Nilimpata Mayu baada ya wiki tano. Nilikwenda na yule binti wa wakala, kwa sababu niliona aibu kwenda peke yangu. Tulimkuta akipeta mchele chini ya mwembe, na wajukuu wanne pembeni. Nilimwomba msamaha kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima na ambayo yalinitoka vibaya. Alisikiliza akiendelea kupeta. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alituambia tukae, maana watoto walikuwa wakisubiri hadithi.

Akawasimulia ile tunayoijua sote, ya Masala Kulangwa. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mtoto akazaliwa, akakua, akauliza watu wako wapi. Akatafuta, akaliua zimwi, akapasua tumbo, watu wakatoka wote wakiwa hai. Mimi nimeihubiri hadithi hiyo mara nyingi, maana wahubiri wa Usukumani wamemwona Kristo ndani yake, na kila mara nimeishia pale watu wanapotoka. Mayu hakuishia pale. Alisema kwamba katika kupasua, kisu kilimkata bibi mmoja sikio. Bibi akakasirika, akatafuta kumloga yule kijana. Watu wakatazama kijana atafanya nini, maana alikuwa na kisu mkononi bado, na alikwisha kuua zimwi.

"Akafanyaje?" akauliza mjukuu mdogo.

"Akatafuta dawa," Mayu akasema, "akamtibu sikio."

Ndipo wakamfanya mtemi.

Nilifikiri juu ya Malko, mtumwa wa kuhani mkuu, na sikio ambalo Bwana wetu alilirudisha usiku ule wa kukamatwa, kama Luka anavyotuambia. Sikusema kitu, kwa kuwa haikuwa zamu yangu kusimulia. Njiani kurudi yule binti aliniambia kwamba hajawahi kusikia sehemu hiyo ya sikio. Nikamwambia naifahamu tangu utoto, ila nimekuwa nikiiruka.

Mayu hajarudi Kalangalala. Anasali huko aliko. Nyumba yake ipo, na vijana wa kwaya walibadilisha yale mabati yaliyotobolewa, bila kutangaza kanisani. Mimi nilisimama Jumapili moja nikawaambia waumini nilichokwambia wewe, pamoja na habari ya kiti cha mbele. Siku hiyo hakuna aliyenishika mkono mlangoni akasema nimewasaidia. Lakini wiki iliyofuata watoto wa shule ya Jumapili walipomaliza somo, nilimsikia mwalimu wao akiita, "Hadithi, hadithi!" Nilikuwa ofisini peke yangu. Nikaitikia pamoja nao.